Shukrani kwa fundi sauti aliyeiokoa filamu yangu

Filamu yangu fupi ya kwanza, niliyoiongoza ufukweni Bagamoyo bila mfadhili, ilikuwa imekamilika kwa picha, lakini upepo wa kusi ulikuwa umemeza mazungumzo ya waigizaji, na fedha za kurudia kazi hazikuwapo. Fundi sauti mmoja wa Dar es Salaam, aliyeniomba nisimtaje jina, aliisikiliza yote, akaandika kila sentensi iliyopotea, akawaita waigizaji wairekodi upya huku wakitazama midomo yao kwenye skrini, kisha akarekodi mawimbi na nyayo mchangani ili sauti isikike ya palepale. Malipo aliyakataa, akasisitiza waigizaji ndio wapewe nauli. Ahsante sana, kaka. Nanyi wenye studio, mwongozaji chipukizi akiwajia, tazameni kwanza kazi yake kabla ya kumtajia bei.