Baridi ya Julai inasingiziwa mengi

Kwa Mhariri,

Kila ifikapo Juni, mpaka jua lituonee huruma mwishoni mwa Agosti, Nairobi nzima hukohoa na mshtakiwa huwa mmoja tu: baridi. Redioni tunahimizwa kuwavalisha watoto sweta mbili. Ndani ya matatu, anayethubutu kufungua dirisha hukemewa na basi lote. Nyanya naye anamlaumu mama mtu kwa kumtoa mtoto nje bila kofia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Eastlands. Shule yetu imepakana na barabara kubwa na steji ya matatu iko pale pale langoni. Ninaandika kwa sababu baridi inabebeshwa mzigo ambao si wake peke yake. Mwenzake ni moshi, na huyo hatajwi.

Sikatai kwamba virusi vya mafua vipo, na watu wakijifungia ndani huambukizana upesi. Ila baridi ina kazi nyingine jijini hapa ambayo wengi hatuifikirii. Siku za kawaida hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda na moshi wetu. Usiku wa baridi ardhi hupoa haraka, hewa ya chini ikawa nzito na ya juu ikabaki na joto, basi ile ya juu inakuwa kama kifuniko cha sufuria. Moshi wote wa alfajiri unabaki chini, kwenye kimo cha pua zetu. Wa kukifungua kifuniko hicho ni jua, na jua la Julai, kama wanavyojua wakazi wa Nairobi, linaweza kuchelewa hadi alasiri.

Sasa hesabu kinachowashwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili asubuhi. Matatu za dizeli zinanguruma zikisubiri kujaa. Majiko ya makaa ya wauza chapati na mahamri yanapulizwa. Walinzi wa usiku wanamalizia moto wao wa mbao za rangi, chupa za plastiki na vipande vya mataili. Taka zilizofagiliwa jana zinachomwa kando ya mtaro. Upepo ukitoka upande wa Dandora, jalala nalo linatusalimia. Na kwa kuwa kuna baridi, kila mtu anawasha zaidi.

Asiyeamini aje afute vizingiti vya madirisha yetu yanayotazama barabara. Madirisha ya upande wa uwanja yanaacha vumbi jekundu kwenye kitambaa, udongo ambao ukikung'uta unaondoka. Ya upande wa barabara yanaacha weusi wenye mafuta unaoshika vidoleni na kukataa sabuni ya kipande. Watoto wangu wa gredi ya 5 wameligundua hilo wenyewe, na sasa kazi ya kufuta upande ule wanapeana kama adhabu.

Tatizo ni kwamba tukisikia uchafuzi wa hewa tunafikiria saratani itakayokuja tukiwa wazee, kwa hiyo tunaahirisha hofu. Madhara yenyewe hayasubiri uzee. Chembechembe laini za moshi, zile ambazo unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuzipita mara 30 hivi, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Njia za hewa huvimba, hujaa makohozi na kubana, na yote hayo huweza kutokea ndani ya saa chache. Ndipo macho yanawasha, koo linakereketa, kichwa kinagonga, na mwenye pumu anaanza kupiga mluzi kifuani. Mapafu yaliyochokozwa hivyo hushindwa pia kujikinga vizuri na maambukizi. Kwa hiyo hata mafua ambayo kweli ni ya virusi huwa makali zaidi penye moshi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 watafiti wa London walichapisha matokeo ya watu wazima 60 wenye pumu ya wastani au nafuu, waliotembezwa kwa muda wa saa mbili kwenye Oxford Street, barabara ambayo magari yake yalikuwa karibu yote mabasi na teksi za dizeli, kisha siku nyingine saa mbili ndani ya bustani ya Hyde Park iliyo jirani. Watu ni wale wale, mji ni ule ule, na mwendo ni ule ule. Mapafu yao yalipungua nguvu zaidi siku ya barabarani. Saa mbili tu! Mtoto anayetembea kutoka Umoja kwenda shule kando ya Outering, kisha akacheza uwanjani karibu na steji, kisha akarudi jioni njia ile ile, anavuta kiasi gani?

Wala si mapafu peke yake. Chembe ndogo zaidi huingia kwenye damu, damu ikawa tayari kuganda na mapigo ya moyo yakavurugika. Huko Augsburg, Ujerumani, wagonjwa walionusurika mshtuko wa moyo waliulizwa walikuwa wapi kabla haujawapata. Utafiti huo wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mtu aliyekuwa katikati ya magari barabarani alikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kupatwa na mshtuko saa moja baadaye. Waliokuwa ndani ya mabasi walihesabiwa pia, maana kiti cha dirishani hakimkingi mtu. Mzee mwenye presha anayekaa saa mbili kwenye msongamano wa Jogoo Road anastahili kulijua hilo.

(Na jiko la makaa kuliingiza chumbani ukafunga mlango ili upate joto ulale, hilo ni balaa jingine. Kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua usiku huo huo. Jiko lilale nje.)

Shirika la Afya Duniani lilirekebisha viwango vyake mwaka 2021. Wastani wa chembe laini kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo wa hewa, na siku za kupita hapo zisiwe zaidi ya tatu au nne kwa mwaka. Vipima hewa vya bei nafuu vimetundikwa sehemu kadhaa za jiji hili na namba zake zipo mtandaoni, kwa Kiingereza, kwa wenye bando na wenye kujua pa kutafuta. Mama mboga anayefungua kibanda saa kumi na moja Muthurwa haambiwi kitu. Idara yetu ya Utabiri wa Hali ya Hewa imekuwa na kituo Mlima Kenya tangu 1999 kinachopima hewa ya kule juu. Ni kazi ya heshima na dunia inaitegemea. Lakini wenye kifua wako huku chini.

Ninachoomba si kikubwa. Habari za hewa zitangazwe kila asubuhi pamoja na utabiri wa mvua, kwa Kiswahili, kwa lugha ya kawaida: leo hewa ni mbaya, wenye pumu, wajawazito, wazee na watoto wapunguze kukaa kando ya barabara kabla ya saa nne. Nikipata taarifa hiyo, mazoezi ya viungo nayahamishia mchana, gwaride nalifanyia darasani, na mwalimu wa zamu anajua inhela (kile kipulizio cha dawa ya pumu) ya nani iko wapi. Hili la inhela lina uzito wake, kwa sababu wazazi wengi huzificha wakiamini zitamzoeza mtoto. Nina msichana aliyekuwa akiificha yake kwenye kikebe cha bikari, imezungushiwa leso, asionekane mgonjwa. Siku hewa ikiwa nzito anatakiwa kuwa nayo mfukoni, na wenzake wajue pa kuipata.

Kaunti nayo iwaambie makanga wazime injini wakisubiri abiria mbele ya malango ya shule na hospitali, na ikomeshe uchomaji wa taka alfajiri. Kanuni za Ubora wa Hewa tunazo tangu 2014, na Katiba, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Askari wa kaunti anayeweza kumfukuza muuza ndizi barabarani hashindwi kuzima moto wa mataili.

Na wewe, Mhariri, kona yako ya hali ya hewa huchapisha jua, wingu, mvua, na nyuzi za joto za Mandera na Lodwar. Pana nafasi ya mstari mmoja chini yake kwa ajili ya hewa ya Nairobi. Naomba uanze kabla ya Julai ijayo.

Mwalimu wa gredi ya 5,
Eastlands, Nairobi.