Thamani ya Kura Isiamuliwe na Kalenda

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako niliisoma mara mbili, hasa pale uliponieleza jinsi ulivyompa mkono mgombea urais na kumuuliza kuhusu gharama za matibabu, naye akasimama akakujibu mpaka ukaridhika. Nilifurahi kwa ajili yako, na sitakuficha kwamba wivu ulinishika kidogo, kwa kuwa miaka yote niliyoishi California sijamwona mgombea ila kwenye televisheni. Ukamalizia kwa kuniuliza kwa nini ninaulalamikia utaratibu wa Marekani wa kura za mchujo, ambamo wapiga kura wa kila jimbo, kwa tarehe yao, husema ni nani awe mgombea urais wa chama, na ambao kwenu unakwenda vizuri. Nakujibu kwa moyo mweupe.

Wewe uko New Hampshire, jimbo ambalo limekuwa likitangulia katika kura hizo tangu 1920, na ambalo sheria yake inaagiza kwamba uchaguzi huo ufanyike angalau siku saba kabla ya jimbo jingine lolote kufanya wa namna hiyo. Mwaka 2024, Chama cha Democratic kilipotaka South Carolina itangulie, jimbo lako lilikataa katakata, likapiga kura tarehe 23 Januari ingawa jina la Joe Biden halikuwamo kwenye karatasi, na waliomtaka wakaliandika kwa mkono. Msimamo huo nauelewa. Lakini hebu sikiliza yanayotupata sisi tunaofuata nyuma.

Mwaka 2016 tulipiga kura tarehe 7 Juni. Kwa upande wa Republican, kinyang'anyiro kilikuwa kimekwisha tangu mwanzoni mwa Mei, Donald Trump aliposhinda Indiana na wapinzani wake wakajiondoa. Kwa upande wa Democratic nilikuwa bado na matumaini, lakini jioni ya tarehe 6 shirika la habari la Associated Press likatangaza kwamba Hillary Clinton amekwisha kupata wajumbe wa kutosha, yaani wale wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama. Kesho yake nilikwenda kituoni hivyo hivyo. Mama aliyekuwa akigawa karatasi alinieleza kwa sauti ya chini kwamba tangu milango ifunguliwe watu walikuwa wakimuuliza kama bado kuna haja ya kupiga kura, naye hakujua awajibu nini. Sijasahau uso wake.

Mwaka 2020 jimbo letu lilisogeza uchaguzi hadi tarehe 3 Machi, tukashangilia. Karatasi za kura za posta zilianza kutumwa tarehe 3 Februari, siku ile ile wanachama wa Iowa, jimbo lililofungua msimu kwa mikutano ya chama badala ya kura za mchujo, walipokutana kuchagua. Yangu niliijaza mezani baada ya chakula cha jioni, nikamchagua Pete Buttigieg, nikatia saini kwenye bahasha na kuitumbukiza katika sanduku la posta, nikiamini kwamba safari hii nimewahi. Jumapili ya tarehe 1 Machi alijiondoa, na siku iliyofuata mgombea mwenzake Amy Klobuchar akafanya vivyo hivyo. Kura iliyokwisha kutumwa hairudishwi. Kwa hiyo mpiga kura yule yule mara moja alichelewa na mara moja akawahi mno, na mara zote mbili hakufanya kosa lolote.

Hapo ndipo penye uzito wa malalamiko yangu. Watu wa Iowa na New Hampshire, ambao wengi wao mno ni Wazungu, huamua ni nani ataendelea kupata wachangiaji na kuandikwa na magazeti, na mgombea aliyeshindwa huko mara nyingi huishiwa fedha kabla hajafika kwa wengine. Kila jimbo likijitahidi kuponya hasara yake peke yake, tunaumizana. Mwaka 2008 Michigan na Florida zilijisogeza hadi Januari kinyume cha kanuni za vyama. Adhabu ikawa kunyimwa wajumbe, na huko Michigan jina la Barack Obama halikuwamo hata kwenye karatasi. Wajumbe walirudishwa baadaye, lakini aliyeadhibiwa wakati ule alikuwa mwananchi aliyepanga foleni, wala si viongozi waliopanga tarehe.

Hoja yako kwamba majimbo madogo humpa nafasi mgombea asiye na fedha naikubali kabisa, na ndiyo maana sitaki nchi nzima ipige kura siku moja, kwani hapo angeshinda mwenye jina kubwa na mfuko mzito. Ninachokiunga mkono ni zamu. Mwaka 1999 chama cha kitaifa cha makatibu wa majimbo, ambao wengi wao ndio husimamia uchaguzi katika majimbo yao, kilipendekeza nchi igawanywe katika kanda nne zitakazopokezana kutangulia, ingawa Iowa na New Hampshire ziliachiwa nafasi yao ya mbele. Mimi ningeuondoa upendeleo huo, na kuanza kila kanda kwa jimbo dogo, ili wengine nao waulize maswali yao uso kwa uso kama ulivyouliza wewe.

Basi nijibu jambo hili moja: kwa zamu hiyo, kanda yenu ingekuwa ya mwisho mara moja tu katika kila miaka 16. Je, ungeikubali Juni hiyo moja?

Wako wa siku zote,
Rafiki yako wa California