Kabla ya kupanga siku ya Jozani, angalia mwezi

Ujumbe unaoingia mara nyingi kuliko wote kwenye simu ya ofisi yetu ya kutembeza wageni Unguja ni huu: "Tunataka kwenda Jozani Jumamosi, tuondoke saa ngapi?" Nasi hujibu kwa swali: Jumamosi hiyo itakuwa mwezi ngapi? Mtu wa Makunduchi au Nungwi huelewa papo hapo. Wageni wa Dodoma na Mwanza, na siku hizi hata vijana wengi wa Mjini, hudhani tumejibu ujumbe wa mtu mwingine. Hatuulizi Mei wala Juni, tunauliza itakuwa siku ya ngapi tangu mwezi uandame angani. Ndiyo maana tumeona tuandike, ili mteja ajue kwa nini safari ya msituni tunaipanga kwa maji ya bahari.

Jozani haina msitu peke yake. Jina lake kamili ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar, iliyotangazwa mwaka 2004, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Ndani yake mna msitu mnene wa mitondoo na michikichi, mna vichaka vya maweni, na mna mikoko. Njia ya mbao ya Pete, inayopita juu ya tope katikati ya mikoko, iko umbali mfupi tu kutoka langoni, na mgeni anayekwenda Jozani huitembelea siku hiyo hiyo. Msitu utaukuta umesimama saa yoyote. Maji ya Pete hayakungoji.

Tulijifunza kwa kumkosea mteja. Miaka kadhaa nyuma tulichukua kundi la walimu kutoka Morogoro, watu wema sana, waliochanga fedha mwaka mzima kwa ajili ya safari ile. Tukawapangia siku kama wengi wanavyopanga: alfajiri Kizimkazi kutazama pomboo, halafu chakula, halafu Jozani. Tulifika langoni saa saba mchana. Kima walikuwa wamelala juu ya miti, mikia ikining'inia, hakuna hata mmoja aliyejigeuza. Tukawapeleka Pete. Ilikuwa mwezi tano, maji yamekupwa kabisa, jua la utosi, tope limekauka juu na kupasuka. Mwalimu mmoja mtu mzima akasimama kwenye ile njia ya mbao, akatoa simu, akaitazama picha tuliyomtumia sisi wenyewe wiki mbili kabla, ya mikoko iliyosimama ndani ya maji ya kijani. Akaniuliza kwa upole, "Hapa ndipo pale?" Palikuwa ndipo, ila saa ndiyo iliyokuwa siyo, na aliyeichagua saa hiyo ni mimi. Tangu siku ile hatujapanga tena safari ya Jozani bila kuhesabu mwezi.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mzee yeyote wa pwani anaijua. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hujaa kiasi cha saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Baada ya hapo kila siku huchelewa, kwa wastani karibu dakika 50. Ikifika mwezi nane hivi, mambo yamegeuka: asubuhi maji yanajaa, alasiri yanakupwa. Lakini hayo ni maji mafu, hayana nguvu, hayapandi sana kwenye mizizi. Kwa hiyo haitoshi kujua maji yanajaa saa ngapi, ni lazima ujue pia ni maji ya namna gani.

Siku tunazozipenda sisi ni mwezi 11 na 12, na zile za mwisho wa mwezi, 26 na 27. Maji yameanza kupata nguvu, na yanajaa kiasi cha saa saba mchana. Basi asubuhi saa mbili tuko na kima, saa tatu na nusu tuko ndani ya msitu kwenye kivuli, na saa tano tunaingia Pete maji yakiwa yanapanda. Siku za bamvua zenyewe tunageuza: hatuondoki mjini mpaka baada ya sala ya adhuhuri, tunaanza na Pete saa tisa, tunamaliza na kima alasiri, kabla lango halijafungwa.

Maji yanayopanda ndiyo tunayoyatafuta, kuliko yaliyokwisha jaa. Simama pale kwenye mbao, nyamaza dakika tano. Kwanza utasikia tope linatoa sauti ndogo ndogo, kama mafuta ya kikaangoni yanapoanza kupata moto. Ni mashimo ya kaa yanayoingia maji. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa kuliko mwili wao wanalipunga mara ya mwisho, kisha mmoja mmoja anazama shimoni. Samaki wadogo wale wanaoruka juu ya tope wanapanda kwenye mizizi wakikimbia maji, ingawa ni samaki. Halafu utepe wa maji unaingia kati ya miguu ya mkoko, unazunguka mchu, mkoko wenye vimizizi vilivyosimama kama penseli, na katika nusu saa pale palipokuwa na tope pana vifaranga vya samaki. Wavuvi wa Chwaka na Menai wanajua samaki wao wengi wanalelewa humo. Mtoto akiona hivyo kwa macho yake, huna haja ya kumhubiria habari ya kukata mikoko.

Sasa kuhusu kima, maana ndiye wengi wanayemfuata. Kima punju, mwenye mgongo mwekundu, mabega meusi na kishungi cheupe juu ya paji, hayupo kwingine popote duniani ila kwenye visiwa vyetu. Wengi mno wako Unguja, na wachache walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta wamezidi 5,800, ambao ni wengi kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa, lakini kwa mnyama asiye na nchi nyingine bado ni wachache. Mtazame mkono: ana vidole vinne, mahali pa gumba pana kinundu tu. Hashiki tawi kama sisi tunavyoshika, analitia kulabu.

Huyu si mnyama wa ndizi, na hapa naomba tusikilizane. Tumbo lake lina vyumba, kama la ng'ombe, na limeumbwa kuchachusha majani na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari humvuruga. Ndiyo sababu mchana wa jua kali unamkuta amelala: anasaga alichokula asubuhi. Ukimwona ameshuka kwenye kisiki kilichoungua anatafuna kipande cha mkaa, usishangae wala usimfukuze. Majani ya mkungu na mwembe anayoyapenda yana dawa zinazozuia chakula kusagika, na mkaa unazinyonya. Hujifunza kwa mama zao. Niliwahi kumwona mtoto mgongoni mwa mama yake akinyoosha mkono kuupokonya mkaa mdomoni mwake, mama akageuza uso pembeni akaendelea kutafuna.

Kwa muda mrefu wakulima wa Pete, Kitogani na vijiji vya jirani walimwona kima kama mwizi, kwa sababu anakula vidaka vya nazi. Kinyongo hicho nakielewa. Shamba ni chakula cha watoto. Lakini utafiti uliofanywa kandokando ya msitu huu na kuchapishwa mwaka 1999 haukukuta kwamba minazi inayoliwa na kima inatoa nazi chache. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi usivyoweza kuvilea, na kima anapunguza kama mkulima anavyopunguza miche. Hata hivyo shamba linahitaji zaidi ya maneno ya watafiti, ndiyo maana sehemu ya fedha za wageni kurudi vijijini ni jambo la haki. Lipa kiingilio ofisini pale langoni, chukua risiti yako, usikubali mtu wa njiani akupitishe "kwa bei rahisi". Anayekupunguzia hivyo anampunguzia mkulima.

Tukiwa na kima tunakaa mbali hatua kadhaa, hata kama wao wanasogea, na wanasogea kweli. Hatuwagusi, hatuwalishi, hatutumii mwanga wa kamera. Mwenye mafua siku hiyo tunamwomba akae nyuma, kwa sababu magonjwa yetu yanawapata. Barabarani pia madereva wetu wanapunguza mwendo mapema, kabla ya matuta. Barabara inapita katikati ya makazi yao, na kabla matuta hayajawekwa kima wengi walikuwa wakigongwa. Ukiwa na gari lako mwenyewe, tafadhali fanya hivyo hivyo. Daladala zinafika pia, ya Jambiani namba 309 au ya Makunduchi 310, mwambie utingo akushushe Jozani.

Ndani ya msitu vaa viatu vilivyofunika vidole. Maji ya ardhini yako juu sana pale, ndiyo yanayoulea msitu mkubwa hivi kwenye kisiwa cha mawe, na wakati wa masika sehemu za njia huzama. Paa nunga yumo lakini usimtegemee, ni mwoga na adimu. Sikiliza mwongoza msitu wa hifadhi, ambaye huingia pamoja nawe. Akikuonyesha mti wa dawa usiwe na haraka ya picha, muulize unachemshwa jani au gome.

Watu hutuuliza waunganishe na nini. Kizimkazi, sisi tunashauri siku nyingine kabisa. Pomboo wanataka asubuhi na kima wanataka asubuhi, huwezi kuwagawia wote siku moja bila kumdhulumu mmoja. Tena boti zetu haziwakimbizi pomboo wala hazimrushi mgeni katikati yao. Tunazima mashine na kungoja, siku nyingine wanakuja, siku nyingine hawaji, na tunalisema hilo kabla hujalipa. Ukienda, usirudi bila kupita msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria kwenye kibla. Kwa siku ya Jozani yenyewe inatosha kituo cha vipepeo cha Pete, ambako wanakijiji hupata kipato kwa kufuga mabuu, na wakati wa kurudi kupita chini ya miembe mikongwe ya Bi Khole, binti wa Sultani Seyyid Said. Wanaolala pwani ya mashariki tunawapeleka Michamvi Kae kutazama jua likizama, maana ufukwe ule unaangalia magharibi.

Basi ukitutumia ujumbe, tuandikie tarehe mnazoweza, hata tatu, tuchague sisi kwa maji. Tuambie mko wangapi, kama yumo mzee wa kutembea taratibu au mtoto wa kubebwa, na kama mnafunga ili tusiwapange jua la mchana. Jibu tutakalorudisha litakuwa na saa mbili: ya gari kuondoka, na ya maji kuingia Pete. Ya kwanza tunaweza kuisogeza tukielewana.