Kaka, nifungulie uwanja wa shule usiku mmoja

Kaka, shikamoo.

Nimeamua kukuandikia hapa, mbele ya watu, kwa sababu barua ya kikundi chetu, ya kuomba tuwaonyeshe wanafunzi wako mwezi na nyota kwa darubini, uliijibu kwa mstari mmoja tu: usiku wanafunzi hawaruhusiwi uwanjani. Sikukasirika. Najua mwalimu mkuu akikubali jambo na likaharibika, lawama zote ni zake. Lakini jibu hilo hilo nimelipata kwa walimu wakuu wengine, karibu kwa maneno yale yale, na hao sikukua nao nyumba moja. Kwa hiyo nakuandikia wewe, na wao wasome.

Nianzie panapouma. Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016. Siku ile mwezi ulipita kati yetu na jua, kivuli chake kikatokea Gabon, kikazikata Kongo zote mbili, kikaingia kusini mwa Tanzania, kisha kikaelekea Msumbiji, Madagaska na Réunion. Mimi nilikuwa Rujewa, mkoani Mbeya. Nilipanda basi alfajiri, nikakuta watu wamefika kutoka kila upande, wengine na familia nzima. Wewe ulikuwa shuleni kwako. Watoto wote mliwaingiza madarasani, mkafunga milango, madirisha mkayaziba kwa mikeka na maboksi, hadi jua liliporudi zima. Binti yako alikuwa darasa la tatu, humo humo ndani.

Miaka yote hii hatujawahi kulizungumza. Leo nakwambia nilichokiona mimi.

Karibu na saa sita mchana mwezi uliingia katikati ya jua, ukabaki mzingo wa moto pande zote, pete kamili. Mwezi siku ile ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukaonekana mdogo kuliko jua, ndiyo maana haukulifunika lote. Pete ilidumu kama dakika tatu. Giza halikuingia. Mwanga ulipauka tu, na upepo ukawa wa baridi kama wa saa kumi na mbili jioni. Watu walipeana miwani ya karatasi, mmoja anatazama, anampa wa pili, huku wa tatu analia kwamba pete itaisha kabla zamu yake haijafika.

Lakini kitu ninachokikumbuka zaidi hakikuwa juu. Chini ya mwembe alikaa mama mmoja muuza maandazi, beseni lake amelifunika kanga nyeupe. Kwa kawaida chini ya mti unaona madoa ya mwanga wa jua yaliyopenya kwenye majani. Siku ile kila doa liligeuka pete. Pete ndogo kwa makumi, zimetapakaa juu ya ile kanga, zinacheza majani yakitikisika. Yeye alikuwa hajainua kichwa hata mara moja, aliogopa. Nikamwambia, "Mama, tazama beseni lako." Alitazama, akanyamaza, kisha akalivuta pindo la kanga polepole, kama mtu anayeogopa kuzimwaga.

Hilo ndilo ambalo watoto wako wangeweza kuliona bila hatari yoyote, kaka. Kila upenyo kati ya majani hufanya kazi ya tundu dogo, na tundu dogo huitupa sura ya jua ardhini. Ungechukua kipande cha boksi, ukakitoboa kwa msumari, ukawaambia watoto walipe jua mgongo, mwanga ukapita tunduni hadi kwenye karatasi nyeupe, kila mmoja angeliona jua likimegwa. Chujio la jikoni pia linafaa.

Sisemi hofu yako haikuwa na msingi. Ilikuwa na msingi kuliko hata ulivyojua. Sehemu ya nyuma ya jicho, ile inayopokea picha, haina hisia ya maumivu. Mtoto anaweza kulikodolea jua, jicho likaungua, asisikie chochote, akagundua baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa. Na zile njia za mitaani, kutazama jua kwenye beseni la maji, kwenye filamu ya eksirei, kwenye kioo kilichopakwa masizi, hazikingi. Dk. Noorali Jiwaji, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Chuo Kikuu Huria, alieleza haya kabla ya siku ile, na wengi tulijifunza kwake. Uliwafungia kwa sababu uliwapenda na ulikuwa peke yako na watoto mia kadhaa. Hilo nalijua. Ila walichobaki nacho ni kwamba juu kukitokea jambo, unafungiwa ndani.

Nimelijuaje? Ameniambia binti yako mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili, 7 Septemba 2025, usiku wa mwezi kupatwa. Sasa ni mtu mzima, alikuja tulipoweka darubini, pembeni ya uwanja wa mpira, mita chache kutoka msikitini. Mwezi ulianza kumegwa saa moja na dakika 27, na ilipofika saa mbili na nusu ulikuwa wote ndani ya kivuli cha dunia, umekaa na rangi ya tofali lililochomwa vizuri. Ulibaki hivyo dakika 82. Akiwa kwenye foleni, amejifunga shuka la kimasai kwa baridi, akaniambia, "Shangazi, mimi ya kwanza nakumbuka harufu ya chaki na mkeka. Kwenye mkeka kulikuwa na tundu, na mwanga wake ukutani ulikuwa na umbo la ajabu. Nikalizibua kidogo kwa kidole, mwalimu akanichapa."

Unaelewa alichokuwa anakiona ukutani? Ni jua, kaka. Lilikuwa limemegwa, na lile tundu la mkeka lilikuwa limelileta ndani ya darasa lenu. Ulishalifunga nje, likaingia lenyewe, na mtoto mmoja akaliona, na alichopata ni fimbo.

Sikutaka kulia mbele ya watu, nikajitia kurekebisha darubini.

Usiku ule watu walipotoka kwenye swala ya kupatwa kwa mwezi walikuja moja kwa moja kwetu, wazee wametangulia. Nilikuwa na wasiwasi tutaambiwa tunachezea mambo ya Mungu. Mzee mmoja mwenye kanzu aliinama, akafumba jicho moja, akatazama muda mrefu kuliko wote, foleni ikaanza kunung'unika. Aliponyanyuka akauliza wekundu ule unatoka wapi ikiwa jua limezibwa. Nikamweleza kwamba dunia yetu imevikwa hewa, na mwanga wa jua ukipita ubavuni mwa dunia hewa huupinda kuuelekeza ndani ya kivuli, ikichuja rangi nyingine na kuuachia wekundu, kama inavyofanya jua linapozama. Kwa hiyo wekundu ule ni wa mapambazuko yote na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja, umeangukia mwezini. Akasema, "Subhanallah," akarudi mwisho wa foleni kutazama tena.

Chini kidogo ya mwezi, upande wa mashariki, sayari ya Zohali ilikuwa imepanda. Mtoto wa kama miaka kumi alichungulia akasema tumemdanganya, kwenye kitabu chao Zohali ina pete pana. Alikuwa na haki ya kulalamika. Mwaka ule pete zilikuwa zimetugeuzia ubavu, jambo linalotokea kila baada ya miaka kama 15, na kwa kuwa ni nyembamba mno zilionekana kama sindano iliyochomwa kwenye chungwa. Nikamwambia atazame kila mwaka, aone zinavyofunguka taratibu. Akaniuliza darubini itakuwepo mwakani. Swali hilo ninalo mpaka leo.

Darubini yenyewe ni bomba jeupe, ndani kina kioo cha inchi 8, na imekaa juu ya boksi la plaiwudi linalozunguka. Muundo huo aliueneza Mmarekani John Dobson, aliyekuwa mtawa, ambaye kuanzia miaka ya 1960 alikuwa akisimama kwenye njia za miguu za San Francisco na kuwaita wapita njia waje watazame. Jirani zetu Kenya, Susan Murabana na mwenzake wamekuwa wakizunguka na darubini shule kwa shule tangu 2014. Sisi ni watu wachache, mwalimu wa hesabu, fundi seremala, wanafunzi wawili wa chuo, na mimi. Gari ni la kukodi na chai tunachangishana.

Wengi wanadhani tunakwenda kuhubiri sayansi. Kazi kubwa ni kupanga foleni na kumzuia mtu asishike kioo cha kuchungulia, maana kila mtoto akisogea huling'ang'ania bomba kama usukani, na sayari inapotea. Hata asiposhika, baada ya nusu dakika hivi sayari inateleza na kutoka. "Inakimbia!" wanapiga kelele. Hapo ndipo ninapopapenda. Unamwambia mtoto asimame kimya, asiguse kitu, atazame Mshtarii ikiteleza hadi ukingoni, kisha unamwambia kinachokwenda ni uwanja huu, na shule yake, na yeye mwenyewe, dunia inazunguka na wote tumo juu yake. Darasani hilo walilikariri kwa mtihani. Hapa analiona kwa jicho lake.

Na nyota ile angavu inayouelekeza Msalaba wa Kusini, ambayo kwa macho ni moja, kwenye darubini inakuwa mbili zilizokaribiana. Watu wazima ndio hushtuka zaidi. Mmoja aliniambia ameitazama tangu utoto wake akichunga ng'ombe, na hakuna aliyemwambia ni mbili.

Lakini haya si mageni kwetu, wewe na mimi. Unamkumbuka baba mwezi wa kumi na moja? Alikuwa akitoka nje giza likianza kuingia, anatazama mashariki juu ya kile kilima, anatafuta Kilimia, zile nyota sita saba zilizojikunja kama vifaranga. Akiziona zimetokea jua linapozama, kesho yake anatuamsha mapema, mbegu za mahindi zitolewe. Alikuwa na msemo wake, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hakuwa na saa wala redio inayofanya kazi. Mimi nilibebwa mgongoni, wewe ulikuwa umesimama naye, ndiye uliyenionyesha kwa kidole. Siku hizi nikiwauliza watoto wa darasa la sita Kilimia ni kipi, katika watoto arobaini anayenyoosha mkono ni mmoja tu, na mara nyingi ni yule anayelala kwa bibi.

Najua na maneno ya mtaani. Kwamba ni mambo ya freemason. Tulishaambiwa hivyo mbele ya wazazi, na fundi seremala wetu alifungua bomba akawaonyesha kioo, kipande cha mkanda wa kubandikia, na skrubu tatu. Mzazi aliyekuwa mkali kuliko wote ndiye aliyemshika mwanawe kiuno ili afikie kuchungulia. Waalike wazazi, kaka. Wakiwepo hakuna la kunong'ona, na suala la watoto kurudi nyumbani usiku linaisha, kila mmoja anarudi na mzazi wake.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nikusumbue sasa. Tarehe 21 Mei 2031 pete ya jua itapita tena Tanzania, asubuhi, ikitokea Angola, Zambia na Kongo. Nimehesabu siku, ni Jumatano. Watakuwa madarasani tena. Walio darasa la kwanza kwako leo watakuwa bado watoto wa shule, na walimu wako wengi watakuwa bado walimu. Nataka siku hiyo kila mmoja wao awe ameshazoea kuinua kichwa, na ajue lini hapaswi kuinua bila kinga.

Kwa hiyo naomba usiku mmoja. Usichague mwezi mpevu, watu hudhani ndio mzuri, lakini ukiwa mpevu unaonekana bapa kama sahani. Chagua Ijumaa ambayo mwezi una siku saba au nane, nusu. Kwenye mstari kati ya mwanga na giza, vivuli vya milima ya mwezini ni virefu na mashimo yanaonekana yana kina, mtoto anataka kuingiza kidole. Tuwe kuanzia saa moja hadi saa tatu na nusu. Tunahitaji meza moja, ufunguo wa vyoo, na mwalimu mmoja wa zamu. Tochi zetu tumezifunika nailoni nyekundu, kwa sababu macho huchukua karibu nusu saa kulizoea giza na mwanga mweupe wa sekunde moja huyarudisha mwanzo. Binti yako amesema atakuja kusimamia foleni.

Nitakupigia Jumamosi mchana. Msalimie wifi, mwambie ile chupa kubwa ya chai naiomba. Na kabla sijasahau, ile taa ya nje ya ofisi ya walimu inamulika uwanja wote hadi golini. Muulize mlinzi swichi yake iko wapi.