Kabla Hujaibeba Ile Karatasi

Mwanangu mpendwa,

Juzi nilipokuambia nimekutaja kuwa mtekelezaji wa wosia wangu, ulicheka ukasema siku hiyo utaingia benki na karatasi yangu, na mambo yatakuwa yamekwisha. Nilinyamaza. Ukweli ni kwamba hayatakuwa yameanza.

Wosia ni maneno ya mtu ambaye hawezi tena kuulizwa. Karani akiushika, atajuaje kuwa sahihi ni yangu, kwamba nilikuwa na akili timamu, na kwamba sikuandika mwingine baadaye? Kwa hiyo unaupeleka mahakamani kwanza, pamoja na cheti cha kifo. Utakula kiapo, nayo mahakama ikiridhika itakupa hati: huu ndio wosia wa mwisho wa marehemu, na huyu ndiye wa kuutekeleza. Huko ndiko kuthibitisha wosia.

Ila mahakama haithibitishi kwamba nimegawa kwa haki. Inathibitisha kwamba ni mimi niliyegawa. Ndugu yako akiona amepunjwa, hilo ni dai lingine. Akisema sahihi imeghushiwa au nililazimishwa, hapo ataweka pingamizi, na mashahidi wangu wawili wataitwa waseme walichokiona. Shangazi yako alinuna nilipomkataa kuwa shahidi. Hakujua kwamba nimemwachia kitu, na sheria za nchi nyingi humnyima shahidi kile alichoachiwa.

Wosia wenyewe, si nakala, uko kwenye bahasha. Tafadhali usichomoe pini zilizoshikanisha kurasa, hata kama ni kwa ajili ya kutoa nakala. Msajili akiona matundu ya pini atauliza ni ukurasa gani ulionyofolewa, nawe utaanza kujieleza kwa jambo la kipuuzi kabisa.

Ukishapata hati, usikimbilie kugawa, hata wakikupigia simu usiku. Gharama za mazishi, madeni na kodi hutangulia; kinachobaki ndicho cha warithi. Ukigawa mapema, kisha mdai akajitokeza, unaweza kulipa kutoka mfukoni mwako.

Unaweza kukataa kazi hii, lakini kabla hujagusa mali yoyote. Ni nafuu zaidi ukiniambia sasa, ningali naweza kubadilisha jina.

Baba yako