“Si Vipande Saba Tu Hivyo, Fundi?”

Mteja mmoja alirudi karakana na kroseova tuliyomtengenezea, yaani bodi ya vichujio inayogawa sauti ndani ya spika, besi kwa wufa na milio myembamba kwa twita, akaiweka mezani, akaanza kuhesabu kwa kidole. Kapasita tatu. Koili mbili. Rezista mbili. “Vipande saba. Nimeulizia bei ya kila kimoja, nimejumlisha, na wewe umenitoza mara nne yake.” Hakuwa anafoka. Alikuwa na ule utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua kwamba ameibiwa, anachosubiri ni kusikia mwizi atajiteteaje.

Hesabu yake ya spea ilikuwa sawa, sikumbishia. Halafu akanionyesha rezista moja na kapasita moja pembeni mwa bodi: “Na hivi viwili havimo kwenye mchoro wowote niliouona mtandaoni. Umeviongeza ili bili inenepe.” Hapo nikaona hili lazima niliandike. Yeye si wa kwanza, na kila mara najikuta nalieleza nusunusu, chuma cha solda kikiwa mkononi.

Kichujio chenyewe hakina uchawi. Kapasita hukaba masafa ya chini na kuachia ya juu. Koili hufanya kinyume. Rezista haijali masafa, hukaba yote sawa. Ukizipanga vizuri unapata mlango unaopitisha besi na kuzuia milio myembamba, au kinyume chake. Mahali mlango unapoanza kufunga sisi tunapaita mkato: pale volteji imeshuka hadi kama asilimia 71 ya ilivyokuwa, yaani nusu ya nguvu, desibeli 3 chini. Fomula yake ni fupi na iko kila mahali: 1 gawanya kwa (2 mara pai mara R mara C), R ikiwa ohmu za ukinzani na C uwezo wa kapasita. Mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kwa hiyo mteja anaiingiza kwenye kikokotoo, anapata namba, anakwenda dukani, na akifika kwangu anataka kujua mimi nalipwa kwa lipi.

Nalipwa kwa hiyo R. Maana kikokotoo hakikuulizi ni R ya nani.

Chukua twita ya ohmu 8 unayotaka ianze kuimba kuanzia hezi 3,000, yaani mitikisiko 3,000 kwa sekunde. Fomula inasema kapasita ya maikrofaradi 6.63. Dukani hakuna 6.63, kuna 6.8, na hiyo inakupa mkato wa hezi 2,926 hivi, haina neno. Sasa chomoa twita hiyo, weka ya ohmu 4, kapasita iache ileile. Mkato umeruka hadi karibu hezi 5,850. Hujagusa kichujio, lakini kichujio kimekuwa kingine, na kati ya pale wufa inapoishia na twita inapoanzia kumebaki shimo ambamo sauti ya mwimbaji inatumbukia. Mteja anasema spika “imefunga pua”. Kichujio hakina tabia yake peke yake. Tabia yake inatokana na kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake.

Na hiyo “ohmu 8” iliyogongwa mgongoni mwa spika ni jina tu, kama mtu mrefu anayeitwa Kafupi. Ipime kwa multimita utapata 6 hivi. Ipime kwa masafa mbalimbali ndiyo utashangaa: wufa ina kilima mahali inapotikisika kwa asili yake, ambapo ohmu zinaweza kupanda mara kadhaa, halafu zinashuka, halafu zinaanza kupanda tena kadiri masafa yanavyokwenda juu, kwa sababu ndani ya wufa kuna waya uliosokotwa, na waya uliosokotwa ni koili. Matokeo yake, palepale unapotaka koili ya kichujio ikabe, ohmu za wufa nazo zimepanda na koili inakosa nguvu ya kukaba. Makelele ya juu yanapenya kwenye wufa kana kwamba hukuweka kitu.

Dawa yake ni rezista na kapasita zilizofuatana, zikiunganishwa sambamba na wufa. Zinaitwa saketi ya Zobel. Zikikaa pale, kroseova inaiona wufa kama mzigo uliotulia, na ile hesabu ya kikokotoo ndipo inapoanza kuwa kweli. Hivyo ndivyo vipande viwili vya kunenepesha bili.

Sasa nije kwenye ujanja wa haraka unaotuletea kazi kuliko wote. Naukubali kwa shingo upande, maana unatulisha: “kubwa ndiyo bora”. Kijana mmoja anayepigia muziki sherehe aliona kapasita ya twita yake imechakaa. Ilikuwa 6.8. Akaweka 22, kwa hoja kwamba kapasita kubwa inachuja zaidi. Wazo hilo halikutoka hewani. Kwenye pawasaplai, sehemu inayokilisha kifaa umeme, kapasita kubwa kweli inalainisha zaidi. Lakini ikikaa mfululizo na twita, kapasita kubwa inafungua mlango chini zaidi. 22 kwa ohmu 8 ni mkato wa hezi 904. Twita ndogo yenye waya mwembamba kama unywele ikaanza kubebeshwa sauti za watu na ngoma, na kwa kuwa kapasita moja peke yake inapunguza desibeli 6 tu kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanaposhuka kwa nusu, hata za hezi 450 zilikuwa zinapita kwa wingi. Siku ya majaribio nyumbani ilisikika tamu kweli, alinihakikishia, “imejaa”. Usiku wa sherehe twita zote mbili ziliungua. Akalipa twita mbili, akalipa kapasita sahihi, akalipa na ufundi.

Wengine wanaipata namba sahihi lakini wanachukua kapasita ya kawaida ya elektroliti, ile yenye alama ya hasi ubavuni. Mkondo wa muziki unakwenda na kurudi, kapasita hiyo inataka upande mmoja. Itafanya kazi kwa muda, halafu itavimba. Kuna wanaounganisha mbili mgongo kwa mgongo, na hilo linakubalika, ila wanasahau kwamba mbili zinazolingana zikifuatana zinabaki na nusu ya uwezo wa moja.

Koili nazo. Bei ya koili ni bei ya shaba, hakuna siri. Ukitaka rahisi unapewa waya mwembamba, na waya mwembamba una ukinzani. Ohmu 1 ya ziada mbele ya wufa ya ohmu 8 inakula kama desibeli 1 ya sauti, na juu ya hapo amplifaya inapungukiwa uwezo wa kuishika wufa isiyumbe. Besi inakuwa ya uji. Koili zenye kiini cha chuma zinaokoa waya, lakini besi ikipigwa kwa nguvu kiini kinashiba na sauti inakwaruza. Sisi twita tunaiwekea koili ya hewa siku zote. Halafu koili mbili hazilazwi sambamba zikiwa zimekaribiana, zinaambukizana. Moja tunailaza, nyingine tunaisimamisha. Nimewahi kuletewa bodi iliyopangwa kwa unadhifu wa kutamanisha, koili zimepangana kama sahani kabatini, na mwenyewe hajui kwa nini twita inanguruma.

Kwenye pawasaplai hadithi ni nyingine lakini ugonjwa ni uleule. Mteja anasikia mvumo, anaongeza kapasita. Umeme wa hezi 50 ukipita kwenye daraja la dayodi, zile dayodi nne zinazougeuza uende upande mmoja, mawimbi yanayobaki ni ya hezi 100. Mzigo wa ampea 1 ukiwa na maikrofaradi 4,700, mawimbi hayo ni kama volti 2 kutoka bonde hadi kilele. Kwa hiyo ndiyo, ukiongeza kapasita yanapungua. Lakini mmoja alipandisha hadi 47,000. Kila akiwasha, fyuzi inakatika, kwa sababu kapasita tupu ya ukubwa huo huvuta mkondo kama shoti. Akaweka fyuzi kubwa zaidi (hapa nilifumba macho), na dayodi zikafuata. Mvumo? Ulikuwepo palepale. Tulipoutega kwenye osiloskopu, chombo kinachoonyesha mawimbi ya umeme, ulikuwa wa hezi 50, si 100, na mvumo wa 50 mara nyingi hautoki kwenye kapasita. Unatoka kwenye waya wa ardhi uliozunguka mara mbili au kebo ya ingizo iliyolala kando ya transfoma. Tulihamisha waya mmoja. Kazi ya dakika kumi, baada ya saa nzima ya kuutafuta, na mteja akataka kulipia zile dakika kumi.

Wanaotengeneza vifaa vya vipimo wana mtego wao. Kichujio kimoja cha rezista ya kilo-ohmu 1 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 kina mkato wa hezi 1,592. Mtu anaona hakikabi vya kutosha, anaunganisha cha pili kama hichohicho nyuma yake, akitarajia mkato ubaki palepale na ukali uongezeke. Cha pili kinakuwa mzigo kwa cha kwanza, na mkato unaporomoka hadi karibu hezi 600. Kati yake kunatakiwa op-ampu (kipande kidogo cha kukuza mawimbi) ya kuvitenganisha, na hata hapo mkato hautabaki 1,592; utakuwa 1,025 hivi, mpaka uhesabu upya. Ukali ukiutaka kwa makusudi unachagua mpangilio: wa Butterworth, alioueleza mwaka 1930, ambao hautikisi masafa yanayopita, wa Chebyshev unaokata kwa ukali zaidi lakini una mawimbi, au wa Bessel, unaokata polepole ila hauharibu umbo la mshindo. Kwa kroseova za hatua ya nne, zenye ukali mara nne ya kapasita moja, tunapenda ule wa Linkwitz na Riley wa mwaka 1976, kwa kuwa wufa na twita zinajumlika bila nundu. Mwenye mizani ya kielektroniki akiniomba Chebyshev kwa sababu “ndiyo kali”, namkatalia, maana namba zake zitacheza kila mzigo ukitua.

Na yule anayesema atachujia kwenye programu, aweke kwanza kichujio cha waya na solda kabla ya kigeuzi, kile kinachogeuza mawimbi ya umeme kuwa namba. Kigeuzi kinachosoma mara 1,000 kwa sekunde kikikutana na kelele ya hezi 950, kinaiandika kama hezi 50. Ikishaandikwa hivyo, hakuna programu itakayoitofautisha na hezi 50 ya kweli.

Jambo moja sina punguzo wala mjadala: kapasita za upande wa umeme mkubwa, ule wa ukutani. Ile ya kukatiza kati ya nyaya mbili ni ya daraja X, ile ya kutoka kwenye waya kwenda kwenye kasha la chuma ni ya daraja Y, na ya Y imeundwa ili ikifa ikatike, isipige shoti. Ukiweka ya kawaida yenye namba ileile na ikapiga shoti, kasha lote linaweza kuwa na umeme. Aliyeniletea ya kawaida akasema zinafanana alirudi nayo mfukoni.

Tukirudi kwa yule wa vipande saba: bili yake ilikuwa na spika zake kupimwa zikiwa ndani ya kasha lake, maana hewa ya kasha inahamisha kile kilima cha wufa, ilikuwa na kapasita kupimwa moja moja kabla ya kuchomelewa, kwa kuwa iliyoandikwa 6.8 inaweza kuwa 6.2; ilikuwa na koili kusokotwa kwa mkono, kupimwa, kufunguliwa mizunguko mitatu, kupimwa tena. Niliyasema yote hayo. Hakushawishika. Akaniomba nitoe vile viwili nimpunguzie.

Nikafungulia mguu mmoja wa ile rezista, tukaweka wimbo alioujua yeye. Alisikiliza ubeti mmoja. Nikarudisha mguu, ubeti wa pili. Akasema nitoe tena, nikatoa. Mara ya nne aliniambia niichomelee vizuri isije ikaachia njiani.

Bado anasema bei ni kubwa. Juzi kaleta jozi nyingine.