Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: unene uliokithiri ni ugonjwa sugu, utibiwe hivyo

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Matibabu ya unene uliokithiri

Sisi ni wahudumu wa kliniki za lishe na kisukari. Ombi letu ni kwamba mwenye unene uliokithiri apewe kadi, tarehe ya kurudi na fungu la bajeti, kama apewavyo mwenye shinikizo la damu. Bango la "punguza kula, fanya mazoezi" halitibu, na sababu iko ndani ya mwili wenyewe.

Mtu akipungua, seli za mafuta husinyaa na kutoa leptini kidogo, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Grelini, inayoamsha njaa, hupanda. Mwili nao hubana matumizi ya nishati kuliko uzito mpya unavyodai. Hali hiyo huweza kuendelea mwaka mzima na zaidi. Kilo zikirudi, mgonjwa huambiwa hana nidhamu, na aliyeaibishwa haji tena kliniki. Jambo hili linatuuma sana.

Chakula kinachouzwa nacho kina mkono wake. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 20 waliolazwa wodini, wakala wiki 2 vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi na wiki 2 vyakula vya asili, kila mtu akila hadi atosheke. Milo yote iliandaliwa kwa sukari, mafuta na nyuzinyuzi zinazolingana. Hata hivyo, kwa vile vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku. Tunataka pia kodi ya vinywaji ihesabiwe kwa gramu za sukari. Uingereza ilianza hivyo mwaka 2018: ngazi ya kwanza gramu 5 kwa mililita 100, ya pili gramu 8. Viwanda vingi vilipunguza sukari ili vikwepe kodi. Kodi ya asilimia ya bei haina msukumo huo.

Kwenye zahanati, tuanze na vifaa. Mizani inayoishia kilo 120 haimpimi anayehitaji kupimwa kuliko wote. Mkanda mdogo wa BP kwenye mkono mnene husoma juu ya ukweli, na mtu huandikiwa dawa asiyoihitaji. Tepu ya kiuno ipite katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya nyonga, ilale sambamba na sakafu, na isomwe mgonjwa akishatoa pumzi ya kawaida. Kiuno kikifikia nusu ya urefu wake, hatari imeanza, hata kama BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) haijagusa 30, kiwango cha unene uliokithiri. Kisha, kabla ya kuulizia sahani, mhudumu asome dawa anazotumia: insulini, steroidi, olanzapini (ya maradhi ya akili) na valproati (ya kifafa) hunenepesha.

Ushauri nao una dozi. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kisukari kipya kilipungua kwa asilimia 58. Walipewa masomo 16 katika wiki 24 za kwanza, kila mmoja na mshauri wake. Dakika 5 za maelezo mlangoni haziwezi kuzaa matunda hayo.

Semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito, huchomwa kwa sindano ya kila wiki. Huanzia miligramu 0.25 na kupandishwa kila baada ya wiki 4 hadi 2.4, ukiharakisha, mgonjwa hutapika na kuacha. Walioiacha baada ya wiki 68 walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Kuinunua kwa miezi 6 ni kutupa fedha. Upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito nao hudai vitamini B12, madini ya chuma na vipimo vya damu maisha yote.

Kama fedha hazitoshi kwa wote, tunashauri waanze wenye BMI ya 35 na zaidi ambao tayari wana kisukari, na dawa zao zihakikishwe kwa miaka kabla ya sindano ya kwanza kuchomwa.

Wako,
Wahudumu wa kliniki za lishe na kisukari